Kuhamisha kesi ya mkataba kati ya mahakama ya hakimu na Mahakama Kuu: mwongozo kamili kwa walio Nairobi

Fundi mmoja wa milango na madirisha ya chuma alikuja ofisini kwetu akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa amri ya Mahakama Kuu iliyokataa ombi lake la kuhamisha kesi na kumtaka alipe gharama za upande wa pili. Ya pili ilikuwa mkataba wake na mwanakandarasi aliyekataa kumlipa. Alikuwa amefungua kesi ya shilingi milioni 24 mbele ya hakimu, na alipoambiwa kiasi hicho kimezidi, akaomba ihamishwe. Jaji akasema hakuna kesi ya kuhamisha. Kufikia siku hiyo, miaka sita ya kudai deni la mkataba ilikuwa imepita wiki chache nyuma.

Mzee yule alikuwa na haki yake. Hati za kupokelea mzigo zilikuwa zote, kila moja na sahihi na mhuri. Aliponzwa na mlango aliougonga siku ya kwanza, na hakuna aliyemwambia mapema.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Nairobi, na kosa hili naliona likirudiwa na wenye maduka, wachuuzi wa saruji, wenye malori, hata na mawakili wachanga. Nimeandika hatua zote kwa mpangilio tunaoufuata mezani. Ukiwa na wakili, mpe mwongozo huu mwende pamoja. Ukijitetea mwenyewe, soma hatua ya kwanza mara mbili kabla ya kulipa chochote.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Hati ya madai yenye mhuri na tarehe iliyowasilishwa. Tarehe hiyo ndiyo kila kitu.
- Hati ya utetezi, na madai kinzani (yale ambayo mdaiwa naye anakudai wewe) kama yapo.
- Mkataba wenyewe na viambatisho vyake, oda za ununuzi, ankara, hati za kupokelea mzigo na barua ya kudai deni.
- Karatasi moja ya hesabu: deni la msingi, malipo yaliyofanywa, baki. Riba iandike kando, usiichanganye na deni.
- Rekodi ya kilichofanyika kwa hakimu hadi sasa: tarehe za kutajwa (siku kesi inapoitwa kwa maelekezo tu), amri zilizotolewa, mashahidi waliosikizwa.
- Akaunti yako kwenye mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha kesi mtandaoni, na pesa za ada.
- Kalenda. Ya ukutani inatosha.

## Hatua ya 1: Jua kama mahakama ya kwanza ilikuwa na mamlaka siku ile ulipofungua kesi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 imeweka viwango kwa kufuata cheo cha hakimu. Hakimu mkazi husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 5. Hakimu mkazi mwandamizi, milioni 7. Vyeo viwili vinavyofuata, milioni 10 na milioni 15. Hakimu Mkuu, milioni 20. Chini kabisa ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mwisho wake ni shilingi milioni 1. Mahakama Kuu haina kikomo cha pesa. Ibara ya 165 ya Katiba ndiyo inayoipa uwezo huo.

Sasa chukua hati yako ya madai. Soma kiasi unachodai. Angalia tarehe ya mhuri. Jiulize swali moja: siku hiyo, mahakama hii iliruhusiwa kusikiza kiasi hiki?

Jibu likiwa ndiyo, kesi yako iko hai na inaweza kuhamishwa. Jibu likiwa hapana, usiandike ombi la kuhamisha. Tangu kesi ya Kagenyi dhidi ya Musiramo ya mwaka 1968, mahakama za kanda hii zimeshikilia kwamba kesi haihamishwi isipokuwa ilifunguliwa kwanza mbele ya mahakama yenye mamlaka. Mahakama yetu ya Rufaa ilirudia msimamo huo katika kesi ya kampuni ya bima ya Phoenix of East Africa mwaka 2019: kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka ilizaliwa maiti, na maiti haihamishwi hospitali.

Watu huniuliza, "Lakini Katiba inasema mahakama isishikilie mambo madogo ya utaratibu?" Ndiyo, ibara ya 159 inasema hivyo. Ila mamlaka si jambo dogo la utaratibu. Mahakama isiyo nayo haiwezi kupiga hata hatua moja, na hilo liliwekwa wazi tangu kesi ya meli Lillian S mwaka 1989. Wala makubaliano yenu hayasaidii. Nyote wawili mkiandika mnakubali hakimu asikize milioni 30, bado hawezi.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia hapa hapa, kwa haraka:

Mkataba ni wa nini? Mkataba wa ajira una mahakama yake ya kazi. Mkataba ambao kiini chake ni ardhi una Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukipeleka hizo Mahakama Kuu, ibara ya 165(5) inamfunga jaji mikono hata kama pesa ni nyingi. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiza mikataba ya bidhaa, huduma na pesa. Haisikizi hatimiliki wala mishahara.

Kuna kipengele cha usuluhishi? Fungua kurasa za mwisho za mkataba. Kama mlikubaliana mzozo uende kwa msuluhishi, mdaiwa anaweza kuomba kesi isimamishwe, mradi aombe kabla au wakati wa kuingia kwenye kesi, yaani anapoijulisha mahakama kwamba atajitetea. Unaweza kuihangaikia kesi hadi ipande ghorofa, kisha ikasimamishwa huko juu.

Ni cheo tu kilichokosewa? Kesi ya milioni 9 iliyofunguliwa Milimani ikaelekea kwa hakimu mwenye kikomo cha milioni 7 haihitaji Mahakama Kuu. Kabla haijaanza kusikizwa, andika barua kwa Hakimu Mkuu wa kituo ukiomba ipangwe mbele ya hakimu mwenye cheo kinachofaa. Usikubali ianze mbele ya asiye na uwezo ukitumaini hakuna atakayegundua. Wakili wa upande wa pili atagundua siku ya hukumu.

*Hatua hii imekamilika* ukiweza kuandika sentensi moja kwenye karatasi: "Tarehe fulani nilidai shilingi kadha mbele ya hakimu ambaye kikomo chake ni shilingi kadha." Namba ya kwanza isipozidi ya pili, endelea.

## Hatua ya 2: Hesabu miaka sita

Madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Miaka hiyo huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa. Siku ya kusaini haihusiki. Kama ankara ilitakiwa kulipwa tarehe 30 Juni 2021 na haikulipwa, saa ilianza kuhesabu kesho yake.

Kwa nini hili lije mapema hivi? Kwa sababu kesi ikihamishwa, inabaki na tarehe yake ya kwanza. Ukiiondoa na kufungua mpya, unaanza na tarehe mpya. Tofauti hiyo ndiyo iliyommaliza fundi wetu. Na kwa mikataba, jaji hana uwezo wa kukuongezea muda. Nyongeza ya muda iliyo kwenye sheria hiyo haigusi madeni ya mkataba.

Kitu kimoja huokoa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi aliyotia sahihi, au akilipa sehemu ya deni hilo, miaka sita huanza upya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo pekua taarifa za benki na za M-Pesa. Nimewahi kuona elfu 40 iliyotumwa "upoze roho kwanza" ikiokoa deni la mamilioni.

Onyo: kama imebaki chini ya miezi mitatu na jibu lako la hatua ya 1 lilikuwa hapana, acha kusoma sehemu nyingine zote. Nenda kwenye njia B hapa chini, leo.

## Hatua ya 3: Chagua njia

Njia A: Kuhamisha. Ni ya kesi iliyo hai ambayo sasa inahitaji mahakama nyingine. Sababu zinazokubalika mara nyingi ni hizi: hesabu ya mwisho imepita kikomo cha hakimu, mdaiwa ana madai kinzani makubwa kuliko kikomo hicho, kuna kesi nyingine Mahakama Kuu kati ya watu hao hao kuhusu mkataba huo huo, na mahakama mbili zinaweza kutoa hukumu zinazogongana.

Njia B: Kuondoa na kufungua upya. Ni ya kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka. Kabla kesi haijapangiwa tarehe ya kusikizwa, mdai anaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi tu, chini ya Agizo la 25 la Kanuni za Taratibu za Kesi za Madai za mwaka 2010, na kuondoa huko hakumzuii kufungua nyingine. Ikishapangiwa tarehe, utahitaji ridhaa ya wote au ruhusa ya mahakama. Utadaiwa gharama, pengine. Lipa. Ni nafuu kuliko kupoteza deni.

Njia C: Kusamehe kilichozidi. Hii watu huisahau. Unadai milioni 1.08 na ungependa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60? Unaweza kuachilia elfu 80 na kudai milioni 1 kamili. Lakini kile ulichoachilia hutakidai tena popote, na huwezi kuikata deni moja vipande viwili ufungue kesi mbili. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye watoto wa shule, mara nyingi mimi humwambia achukue njia hii.

Njia D: Kuacha kesi ilipo. Kama sababu yako ya kuhamisha ni kwamba hakimu alikukaripia, au Mahakama Kuu inaonekana ya heshima zaidi, kaa ulipo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, Sura ya 21, kinataka kesi ifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kuisikiza. Jaji atakukumbusha.

Hatua zinazofuata ni za njia A.

## Hatua ya 4: Usirekebishe hati ya madai kwanza

Nisikilize hapa kwa makini. Umefungua kesi ya milioni 16.8 mbele ya Hakimu Mkuu. Baadaye upande wa pili umetoa vitabu vyake vya hesabu, na sasa inaonekana wanapaswa kukulipa milioni 22.3. Mkono unakuwasha kurekebisha hati ya madai mara moja.

Usifanye hivyo. Ukiweka milioni 22.3 kwenye hati mbele ya hakimu mwenye kikomo cha milioni 20, umeitoa kesi yako nje ya mamlaka yake kwa mkono wako mwenyewe, na mpinzani ataomba itupwe. Andika rasimu ya marekebisho, iambatanishe na ombi la kuhamisha kama kielelezo, kisha uombe ruhusa ya kurekebisha ukishafika juu.

Mdaiwa naye afuate mpangilio huo huo. Madai kinzani ya milioni 31 usiyawasilishe kwa hakimu. Yapeleke kwa jaji yakiwa rasimu.

## Hatua ya 5: Andikia upande wa pili barua

Barua fupi ya ukurasa mmoja. Eleza unachotaka, kwa nini, na uwape siku saba kujibu. Wakikubali, mtawasilisha ridhaa pamoja na ombi, na jaji atamaliza jambo siku ya kwanza ya kutajwa. Wakikataa au wakinyamaza, barua hiyo itakusaidia kwenye suala la gharama.

Ridhaa haiondoi haja ya amri. Na usimwombe hakimu ahamishe. Hana uwezo wa kuipeleka kesi juu, hata akikuonea huruma namna gani. Uwezo huo uko kwa Mahakama Kuu peke yake, chini ya kifungu cha 18 cha Sura ya 21.

## Hatua ya 6: Andika ombi

Ombi hufunguliwa Mahakama Kuu kama ombi jipya, lenye namba yake, tofauti na namba ya kesi iliyo kwa hakimu. Kwa mizozo ya kibiashara hapa Nairobi, kitengo ni kile cha Biashara na Kodi pale Milimani. Mengine huenda kitengo cha madai ya kawaida.

Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, basi hati zitaandikwa kwa Kiingereza. Yaliyomo yawe haya:

*Vifungu:* 1A, 1B, 3A na 18 vya Sura ya 21, pamoja na Agizo la 51 la Kanuni. Usijaze vifungu ishirini. Jaji anajua kwamba anayetaja sheria yote hajui anayoitaka.

*Maombi,* kwa mpangilio huu:

1. Kesi namba fulani iliyo mbele ya Hakimu Mkuu, Milimani, iondolewe huko na kuhamishiwa Mahakama Kuu isikizwe na kuamuliwa.
2. Wakati ombi hili linasubiri uamuzi, mwenendo wa kesi hiyo usimamishwe.
3. Baada ya kuhamishwa, mdai aruhusiwe kurekebisha hati ya madai kulingana na rasimu iliyoambatanishwa.
4. Gharama za ombi zifuate matokeo ya kesi.

*Sababu,* tano au sita, kila moja mstari mmoja au miwili. Ya kwanza iwe ile sentensi uliyoiandika mwishoni mwa hatua ya 1. Ndiyo itakayomwonyesha jaji, kabla hajafungua ukurasa wa pili, kwamba kesi ilizaliwa hai.

## Hatua ya 7: Hati ya kiapo

Ombi bila kiapo ni maneno matupu. Aape mtu anayeyajua mambo kwa macho yake: mwenye duka mwenyewe, au mkurugenzi aliyepewa idhini ya maandishi na kampuni. Wakili asiape kuhusu mambo yanayobishaniwa.

Nitakuonyesha kiapo kizuri kinavyosomeka. Aya ya 4 ya kimoja tulichokiandaa ilikuwa hivi, nikiifasiri: "Kwamba tarehe ya kufungua kesi nilijua deni la shilingi 16,800,000, kutokana na ankara kumi na moja nilizonazo. Nakala zimeambatanishwa, kurasa za 9 hadi 19." Aya ya 5: "Kwamba vitabu vya hesabu vya mdaiwa, nilivyopewa mwezi wa tatu mwaka huu, vinaonyesha kazi za ziada alizozikubali na ambazo sikuwa na ankara zake. Kurasa za 20 hadi 26."

Angalia kilichofanyika. Jaji akiuliza, "Ulijua lini kwamba deni limezidi milioni 20?" jibu liko tayari, lenye tarehe na ukurasa. Swali hilo huulizwa karibu kila mara, kwa sababu kuna watu hufungua kwa hakimu ili walipe ada ndogo huku wakijua deni lao ni kubwa. Ukionekana wewe ni mmoja wao, ombi limekwisha.

Ambatanisha hati ya madai, utetezi, rekodi ya mwenendo, mkataba, hesabu na rasimu ya marekebisho. Panga kurasa namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kamishna wa viapo apige mhuri kwenye sahihi yako na kwenye kila kielelezo. Nenda kwake na kitambulisho na usaini mbele yake. Vielelezo visivyo na mhuri vimefukuza maombi mazuri sana.

## Hatua ya 8: Wasilisha

Nairobi tunawasilisha mtandaoni tangu Julai 2020. Ingia kwenye akaunti, chagua Mahakama Kuu ya Milimani, chagua kitengo, kisha chagua aina ya "ombi" la kujitegemea. Usichague kuongeza hati kwenye kesi iliyopo, maana itaangukia faili ya hakimu na jaji hataiona kamwe. Pakia hati zikiwa PDF zinazosomeka. Karatasi iliyopigwa picha kwenye giza ya gari hukataliwa. Lipa, hifadhi risiti.

Kama una tarehe ya kusikizwa kwa hakimu karibuni, weka pia cheti cha dharura kikieleza tarehe hiyo. Kama huna, usiweke. Dharura ya uongo humkera jaji.

Onyo kubwa: kuwasilisha ombi hakusimamishi kesi kwa hakimu. Mpaka upate amri mkononi, hudhuria kila tarehe. Mwambie hakimu kuna ombi, mwonyeshe namba, umwombe aahirishe. Usipofika, kesi inaweza kutupwa, na hapo utakuwa unaomba kuhamisha kitu kisichokuwepo.

*Umefaulu* ukiona namba ya ombi, mhuri wa kielektroniki kwenye hati zako, na maelekezo ya jaji au Naibu Msajili yakikupa tarehe.

## Hatua ya 9: Fikisha hati, kisha apia kwamba umefikisha

Upande wa pili upate hati zote pamoja na tarehe. Wakiwa na wakili, zipeleke kwa wakili. Tunza ushahidi wa kufikisha, na uweke kiapo cha aliyefikisha. Wao wakitaka kupinga, wanapaswa kuwasilisha majibu yao angalau siku tatu kamili kabla ya tarehe ya kusikizwa.

## Hatua ya 10: Mbele ya jaji

Mara nyingi utaelekezwa kuweka hoja za maandishi na kuzifafanua kwa dakika chache, pengine kwa video. Mzigo wa kuthibitisha ni wako unayeomba. Jaji atapima unafuu na usumbufu kwa kila upande, gharama, mahali walipo mashahidi, na kama haki itatendeka vizuri zaidi huko unakotaka kwenda. Jibu maswali yake kwa namba za kurasa.

Kama hakimu amesikiza mashahidi wanne kati ya watano, jiandae kwa swali gumu: kwa nini sasa? Sheria inaruhusu kuhamisha katika hatua yoyote, lakini ukichelewa, sababu yako iwe nzito kweli.

Ukikataliwa na kesi ilikuwa ndani ya mamlaka ya hakimu, inaendelea pale ilipo kwa kiasi kilichomo kwenye hati. Hujapoteza deni.

## Kama kesi inashuka

Hapa mambo ni mepesi. Umefungua kesi ya milioni 12 Mahakama Kuu. Jaji anaweza kuishusha kwa hakimu mwenye uwezo, kwa ombi la upande mmoja au kwa hiari yake mwenyewe bila hata kutoa notisi. Ombi huwekwa ndani ya faili hiyo hiyo ya Mahakama Kuu. Hakuna swali la maiti, kwa kuwa Mahakama Kuu ina mamlaka yasiyo na kikomo cha pesa. Watu wengi huchukulia kushushwa kama kushindwa, wakapoteza miezi wakipinga. Gharama za kwa hakimu ni ndogo, na ukiipinga hukumu yake, rufaa yako itaenda Mahakama Kuu ambako ulikuwa. Mimi ningeshuka.

Kuhamisha kando, tuseme kutoka Makadara kwenda Thika, pia huombwa Mahakama Kuu. Kwa mikataba, kifungu cha 15 kinahesabu mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, mahali mkataba ulipofanyika, ulipotakiwa kutekelezwa, au pesa zilipotakiwa kulipwa. Onyesha mojawapo iko huko unakotaka kwenda.

## Hatua ya 11: Ifuate faili kwa miguu yako

Umepata amri. Watu hurudi nyumbani kusubiri kuitwa, na hapa ndipo kesi nyingi huzama. Amri haina miguu.

Kwanza, andaa amri rasmi kutokana na uamuzi, ipelekwe kwa Naibu Msajili itiwe sahihi na mhuri. Soma namba ya kesi ya hakimu tarakimu kwa tarakimu kabla ya kuipeleka. Tuliwahi kuwa na amri ambayo mwaka ulikosewa kwa tarakimu moja; faili iliyotafutwa haikuwepo, na ilibidi turudi kwa jaji kusahihisha.

Pili, peleka amri hiyo kwenye sajili ya mahakama ya hakimu, pamoja na barua inayoomba faili ipelekwe. Chukua nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, uandike jina la dawati na tarehe. Rudi baada ya wiki moja. Rudi tena.

Tatu, ikifika, uliza namba mpya ya kesi na uhakikishe inaonekana kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Hati zote za zamani ziwemo. Kilichokosekana, kiwasilishe tena kutoka kwenye faili yako ya nyumbani, ndiyo maana nilikuambia uweke hati zote mezani kwanza.

Nne, andika barua kuomba tarehe ya kutajwa, na uujulishe upande wa pili. Siku hiyo, mwombe jaji maelekezo ya mambo mawili. La kwanza ni muda wa kuwasilisha hati iliyorekebishwa, kama uliruhusiwa. La pili ni mahali kesi itakapoanzia: kifungu cha 18(2) kinampa uchaguzi wa kuisikiza upya au kuendelea pale hakimu alipoachia. Kama mashahidi wako ni wazee au wamehamia mbali, omba iendelee pale pale na rekodi ya hakimu itumike, na useme sababu hiyo waziwazi.

Usiache mwaka mmoja upite bila hatua yoyote kwenye faili, hata kama kosa ni la sajili, kwa sababu baada ya mwaka mahakama inaweza kukutaka ueleze kwa nini kesi isitupwe. Barua zako zenye mihuri ya kupokelewa ndizo zitakazojibu.

Siku utakapoona kwenye orodha ya mahakama majina yenu, namba mpya, na neno "kusikizwa" mbele yake, uhamisho umekamilika. Beba mkataba halisi.